Magunia ya Serikali, Fundo la Josée

Casimir alikuwa mwandishi wa mabango, na mtu akikuambia kwamba Casimir alikuwa msanii, mwambie aache utani. Msanii ana lake la kusema. Casimir alikuwa na mkono mzuri tu, na mkono wenyewe ulikuwa mali ya yeyote aliyefika na ndoo ya rangi. Miaka kumi na tisa aliandika kwenye kuta za kampuni ya migodi: VAA KOFIA, USIVUTE SIGARA, HATARI YA KUFA. Chama kilipotaka sifa, aliandika sifa za chama. Chama kimoja kilipogeuka vyama vingi, aliviandikia vyote, hata viwili vilivyotukanana, kimoja asubuhi kingine mchana, kwa ngazi ileile na brashi ileile. Ukimuuliza, wewe mwenyewe uko upande gani, alikujibu: "Mi niko upande ya rangi," kisha akacheka peke yake.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Bel-Air, vyumba viwili na uwanja mdogo wenye bomba lisilotoa maji. Mkewe alikuwa Josée, ambaye yeye alimwita Mama Bénie kwa jina la binti yao, naye Josée akimwita Baba Bénie. Babake Josée alitoka Kongolo, akafanya kazi ya reli mpaka mgongo ukapinda. Kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya mabehewa, na huko ndiko fundo lao lilikotoka. Ukishaona Josée anafunga mdomo wa gunia, hutasahau. Anavuta uzi mara mbili kuelekea kushoto, anaupitisha chini ya mshono wa tatu, anarudi nyuma, anakaza kwa meno, halafu mkia anauficha ndani, hivi kwamba hata mwizi mwenye kucha ndefu hapati pa kuanzia.

Mwaka huo wa tisini na mbili, mtu asiye na mke kama Josée alilala njaa, nisikufiche. Mwaka uliotangulia askari walikuwa wamepora mji, wakabeba mpaka vitasa vya milango. Kampuni ya migodi iliacha kugawa posho, unga ule ambao watoto wetu walidhani unaota kwenye bohari za kampuni kama uyoga. Noti zikawa nyingi kuliko vitu vya kununua. Juu ya hayo yote, mvua nayo ikagoma. Mashamba ya kandokando ya mji yalikauka mahindi yakiwa usawa wa goti. Ng'ambo ya mpaka jua lilipiga vilevile, lakini kule walikuwa bado na akiba kidogo, na mwanamke mwenye miguu na mdomo hakukosa mahali pa kuipata.

Josée na wenzake kumi na mmoja wa parokia walikuwa na vyote viwili. Walikwenda Mokambo, mpakani, wakanunua mahindi kwa mabwana wa ng'ambo, wakapanda juu ya lori pamoja na mizigo yao, siku mbili njiani, vumbi mpaka kwenye kope. Kwa kuwa magunia yalifanana na lori lilibeba ya watu wengi, kila mama alishona la kwake kwa uzi wake na fundo lake. Wivine, rafiki yake Josée, alikuwa na uzi wa kijani. Wa Josée ulikuwa mwekundu, sufu aliyoifumua kutoka sweta ya shule ya Bénie. Lori likipakuliwa hapakuwa na kelele wala karatasi. Mama aliangalia mdomo wa gunia, akasema, "Hii yangu," na hakuna aliyebisha.

Nyumbani Josée aliuza kwa kopo, na mwisho wa siku gunia lililobaki nusu lilifungwa tena kwa sababu ya panya. Kazi hiyo ilikuwa ya Casimir. Bati lilimkata Josée kidole gumba mwaka wa themanini na saba, kikakakamaa, na kushona kila siku kukawa mateso. Akamfundisha mumewe fundo la babake. Ilimchukua Casimir wiki nzima, na Josée alimcheka mpaka majirani wakaja kuangalia. Baadaye mkono ukazoea. Casimir alishona huku akipiga soga, huku akisinzia, hakuwa na habari na vidole vyake.

Sasa tuje kwa wakubwa wetu.

Kwanza walisema hakuna njaa. Watu wanne walipozimia kwenye foleni ya mkate, walisema njaa ipo lakini ni ya wavivu. Halafu wakasema imeletwa na maadui, hawakutaja wapi wanakaa. Mwishowe wakaunda Komite ya Kupambana na Upungufu wa Chakula. Eh, hapo walijituma! Ndani ya wiki moja komite ilipata ofisi, meza ya mkurugenzi, pazia, bendera, muhuri, karatasi zenye kichwa, na gari la kumpeleka mkurugenzi kula mchana. Kilichokosekana ni mahindi peke yake.

Mkurugenzi aliitwa Monsieur Aristote. Mwaka wa nyuma alikuwa Citoyen, ndugu mwananchi, mwenye jina jingine la kizalendo refu kama treni, lakini upepo wa siasa ulipogeuka alikumbuka ubatizo wake. Mtu mnene, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni kana kwamba moja ingeweza kumkimbia. Aliitafakari shida ya mahindi kwa muda, kisha akatoa amri: chakula chote kinachoingia mjini bila kibali cha komite ni magendo, kikamatwe kwenye kizuizi cha barabarani. Vibali vyenyewe vilikuwa havijachapwa. Kwa hiyo ili kupambana na upungufu wa chakula mjini, serikali ilizuia chakula kisiingie mjini. Rudia polepole, usije ukadhani nimeteleza ulimi.

Jumatano lori la akina Josée lilisimamishwa. Magunia hamsini na manne yalishushwa, yale ya wamama kumi na wawili, na ndani yake ulikuwamo mtaji wao wote. Nyuma yake kulikuwa na lori jingine, la wamama wa upande wa Kipushi, magunia thelathini na sita. Yote yakabebwa hadi bohari ya komite karibu na stesheni. Josée alibaki pale kwenye kizuizi akibishana mpaka sauti ikamkauka.

Casimir hakujua hayo. Yeye tangu Jumatatu alikuwa na kazi ya komite. Jumamosi angekuja mjumbe wa serikali, Excellence mwenyewe, kugawa msaada, na palihitajika bango la mita sita: SERIKALI IKO PAMOJA NA WEWE. Alhamisi asubuhi aliitwa bohari.

"Mzee Casimir," Monsieur Aristote alimwambia, "msaada umefika. Magunia tisini. Sasa unaona, yameshonwa shonwa ovyo, nyuzi za rangi kama nguo za kichaa. Haipendezi kwa kamera. Utafumua yote. Wafanyakazi wangu watachukua sampuli kidogo, kupima unyevu. Halafu utashona upya kwa uzi mweupe wa serikali, na kwenye tumbo la gunia utaandika MSAADA WA SERIKALI. Ukimaliza, gunia moja ni lako."

Gunia zima! Casimir alimeza mate hapohapo. Nyumbani kulibaki makopo mawili ya unga na Josée alikuwa hajarudi.

Akachukua kisu, akaanza. Sampuli kidogo, eti! Wale wafanyakazi walikuja na ndoo. Kila gunia lililofunguliwa lilitoa ndoo moja, na unyevu ule ulikwenda kupimwa majumbani kwao. Casimir aliona, akaangalia pembeni. Gunia la tano lilikuwa na uzi wa kijani. La tisa lilikuwa na sufu nyekundu.

Alisimama na kisu mkononi. Angekuwa mtu mwingine, angejidanganya kwamba sufu nyekundu ziko nyingi duniani. Lakini sweta ile aliinunua mwenyewe, na fundo lile alilijua kwa vidole. Akageuza shingo: Monsieur Aristote alikuwa mlangoni, akijifuta jasho na kuhesabu kalamu zake. Neno moja tu lilihitajika. "Monsieur, hii iko ya bibi yangu." Labda wangemfukuza. Labda wangemweka ndani siku mbili. Labda, nani ajuaye, wangemrudishia mkewe machache ili anyamaze.

Casimir akakata uzi. Nyuzi zote, nyekundu, kijani, bluu, zilirundikwa kwenye debe, na mchana aliagizwa azichome. Akazichoma. Sufu ikiungua inanuka vibaya, na harufu ile ilimkaa kwenye shati.

Aliporudi nyumbani Alhamisi jioni, Josée alikuwa amekaa chini uwanjani, miguu imenyooshwa, kitambaa cha kichwa kimeanguka begani. Alikuwa akilia kimya kimya, kama mtu anayeona haya.

"Banabeba yote, Baba Bénie. Yote! Hata ile ya mama Wivine, na ya ule mama iko na bwana mugonjwa. Nitaonyesha bale bamama uso gani? Mi njo nilibaambiaka tuende."

"Pole, Mama Bénie," Casimir alisema. "Pole sana."

"We unanuka moto."

"Ni kazi."

Akaingia ndani, akabadilisha shati. Jasiri gani huyo! Bukari, ugali wao wa jioni, ilikuwa ndogo kama ngumi, na Josée akamsogezea yeye nusu iliyo kubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kazi. Akaila.

Ijumaa alifika bohari alfajiri, akashona kutwa nzima. Sindano ndefu, uzi mweupe, gunia baada ya gunia, huku akiwaza gunia lake moja na namna ya kulieleza nyumbani. Angesema amepewa kwa bango. Si uongo, alijiambia, bango lipo. Alifikiria mengi siku ile. Vidole vyake hakuvifikiria hata mara moja.

Saa hizohizo wamama kumi na wawili walikuwa ofisini kwa komite. Walisimama koridoni tangu saa mbili mpaka saa sita, Josée mbele. Monsieur Aristote aliwapokea kwa kuwa alichoka kusikia wakiimba rozari nje ya mlango wake.

"Bamama, mahindi yenu mi sijayaona. Hapa iko mahindi ya serikali tu. Na hata kama ingekuwa yenu, mtanionyesha nini? Facture, risiti ya kununua? Kibali?"

"Fundo," Josée alisema.

"Nini?"

"Gunia yangu minaijua kwa fundo, Monsieur. Hata uchanganye na mia. Kila mama iko na yake."

Alicheka, yule bwana! Alicheka mpaka kalamu moja ikaanguka. Akamwita karani aje asikie. Bamama hawa, hawana karatasi, wana mafundo! Na kicheko chake kilikuwa na uhakika, maana asubuhi hiyohiyo alikuwa ametoka bohari na kuona kwa macho yake mafundo ya zamani yameisha yote, nyuzi zimekuwa majivu. Hapo ndipo kichwa chake kilipomdanganya. Alitaka kuwaondoa kabla Excellence hajafika, na alitaka pia aonekane mtu wa sheria. Zaidi ya yote alipenda karatasi kuliko mlevi anavyopenda chupa.

"Vizuri! Tutafanya kisheria. Andika," akamwambia karani. "Gunia lolote litakalokutwa katika bohari ya komite likiwa na fundo la wadai, wadai watarudishiwa mara moja, mbele ya watu. Ila sitaki mafundo kumi na mawili, yatanijazia ofisi. Mmoja afunge kwa niaba ya wote."

Wenzake wakamsukuma Josée. Karani akatoa kipande cha kamba. Josée alivuta mara mbili kushoto, akapitisha chini, akarudi nyuma, akakaza kwa meno mbele ya Monsieur Aristote, akauficha mkia. Karani akalibana fundo kwenye karatasi kwa vibanio viwili, mkurugenzi akatia sahihi yenye mikia mingi, akapiga muhuri mara tatu, pamoja na mara moja juu ya fundo lenyewe.

Jioni Josée alimwonyesha mumewe ile karatasi. Macho yalikuwa yamevimba bado, lakini uso ulikuwa umefunguka.

"Angalia, Baba Bénie. Muhuri tatu! Wivine anasema batatudanganya, lakini mi nasema, muntu hawezi kupiga muhuri bule. Kesho tutaenda kwa ile fête yabo ya kugawa musaada. Gunia hata moja tukiona, tutapata na zingine. Ao we unasema je?"

Casimir aliishika karatasi karibu na dirisha. Fundo lilikuwa pale, zuri, dogo, chini ya wino wa zambarau. Alijua kwamba katika bohari hakuna hata uzi mmoja wa mkewe uliobaki. Alijua kwa sababu alizikoroga nyuzi zile kwa fimbo zilipokuwa zikiungua.

"Karatasi iko muzuri," alisema.

Na Josée akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

Jumamosi waliweka hema la turubai, viti vya wakubwa chini ya kivuli, watu juani. Bango la Casimir lilining'inia mita sita, herufi zimenyooka kama askari. Chini yake magunia tisini yalipangwa ngazi ngazi, midomo ikielekea kwa watu, matumbo yameandikwa MSAADA WA SERIKALI. Casimir alisimama kando na ndoo ya rangi, maana Monsieur Aristote alitaka awepo kama herufi ingechuruzika.

Excellence alichelewa kwa saa tatu nzima. Alishuka garini, shingo imejaa kola, akasema kwa dakika arobaini. Alisema ukame hauchagui chama. Alisema familia zijifunze kula mara moja kwa siku, madaktari wamethibitisha faida zake. Aliwashauri watu walime nyuma ya nyumba, katika ardhi iliyokuwa imepasuka hadi unaweza kutumbukiza kiatu. Alisema serikali haikulala tangu njaa ianze, na watu wakaangalia mashavu yake, wakakubali kwamba kweli muda wote huo alikuwa macho mezani. Vigelegele vilipigwa na wamama waliokodiwa kwa kupewa vitenge.

Mmoja wao ndiye aliyekuwa apokee gunia la kwanza mbele ya kamera. Ila huyo mama alisita, hakujua akanyage wapi, na Josée, aliyekuwa ametumia dakika arobaini zile kujipenyeza kwa viwiko, akatokea mbele yake. Mpiga picha hakujua tofauti. Akageuzia kamera kwa Josée.

Josée aliinamia gunia la mbele kutafuta sufu nyekundu. Hakuna. Uzi ulikuwa mweupe. Alikuwa karibu kunyanyuka. Halafu mkono wake ukasimama juu ya mdomo wa gunia.

Aligusa fundo. Akaenda la pili, akaligusa. La tatu. Akapanda ngazi ya magunia kwa magoti, kitenge kikimpanda, akipapasa mdomo baada ya mdomo, na Excellence akimsubiri huku ameacha mkono hewani.

Chini ya bango, Casimir alitazama vidole vya mkewe vinapita pale vilipopita vya kwake. Ndipo alipotazama mikono yake mwenyewe. Mungu wangu. Mara mbili kushoto, chini ya mshono wa tatu, kurudi nyuma, mkia ndani. Mara tisini. Hakujua fundo jingine maishani mwake, na haikumpitia akilini kwamba ndilo alilokuwa akilifunga. Ndoo ikamponyoka, rangi nyeusi ikamwagikia viatu vyake.

Josée aligeuka kwa mlio ule. Walitazamana. Alimwangalia usoni, kisha viatu, kisha mikono. Haikuchukua muda mrefu. Halafu akampa mgongo, akatoa kitabu cha sala kifuani, na sauti ambayo Jumatano ilikuwa imekauka ikarudi yote.

"Excellence! Mi niko na karatasi ya serikali!"

Akaisoma neno kwa neno, gunia lolote litakalokutwa, wadai watarudishiwa mara moja, mbele ya watu. Akanyoosha karatasi, fundo likining'inia chini ya muhuri. Akaliweka pembeni ya fundo la gunia la mbele. "Bantu bote mukuje muone! Si njo hii? Na hii? Na ile ya kule juu? Yote!"

Watu wakasogea. Fundo na fundo, mapacha. Wivine alipiga ukelele ambao haukuwa wa kukodiwa.

Excellence akainama, akaangalia, akamgeukia mkurugenzi. "Monsieur Aristote, huu ni muhuri wako?"

"Excellence, ni... ilikuwa kwa namna ya kusema..."

"Ni wako ao si wako?"

"Ni wangu, Excellence."

Kamera ilikuwa inazunguka. Watu elfu moja wenye njaa walikuwa wamekaribia kiasi kwamba Excellence alisikia pumzi zao. Sema utakavyo juu ya watu hawa, panya hamzidi mkubwa wa serikali kwa kujua tundu liko wapi. Akatanua mikono, akatabasamu.

"Wananchi! Mnaona? Serikali inasikiliza! Nimeamuru magunia haya warudishiwe wamama hawa wachapakazi, sasa hivi!" Na akapiga makofi ya kwanza, mwenyewe, kwa ajili yake mwenyewe.

Josée hakumpigia makofi wala hakumshukuru. Aliwaita wamama wa Kipushi kwa sauti, waje wachukue thelathini na sita yao. Waliyanyanyua, wakasikia wepesi wake, wakaelewa kwamba mahindi yamepunguzwa, lakini walibeba. Mikokoteni ya kusukuma ilijaa. Redio ilitangaza jioni hiyo kwamba komite imegawa magunia tisini kwa ufanisi mkubwa, na baada ya mwezi Monsieur Aristote akapandishwa cheo, akapelekwa kuzifundisha komite nyingine.

Barabarani Wivine alimkimbilia Casimir, akamshika mabega. Ameshaelewa yote, alisema, wamama wote wameelewa!

"Baba Bénie, we uko na akili ya ajabu! Balikuita ushone, na we ukatuachia alama! Chini ya pua yabo! Ee bamama, mupigie huyu mwanaume!"

Wakampigia vigelegele, kumi na mmoja, katikati ya barabara. Mmoja akamvisha kitambaa chake shingoni. Casimir alifungua kinywa. Neno moja tu lilihitajika, kama Alhamisi.

"Eh," alisema, "nilijua Mama Bénie ataona." Akacheka kidogo, akaangalia viatu vyake.

Josée alikuwa anasukuma mkokoteni wake. Hakugeuka.

Nyumbani alipika bukari kubwa, ya kwanza kwa mwezi mzima. Alinawa, akampakulia mumewe, akakaa mkabala naye. Casimir alikuwa na hadithi tayari, jinsi alivyopanga, jinsi alivyoogopa kumwambia asije akaropoka kwa wenzake. Hakuulizwa.

"Siku mbili nililia hapa," Josée alisema. "We ulikuwa unaniangalia. Nilikupa karatasi ukaisoma. Ukasema iko muzuri."

Casimir akashika tonge, akaliacha.

"Kula," Josée akamwambia. "Iko ya serikali."

Hakumfukuza, na kwa watu hakumuumbua hata siku moja. Mpaka leo, kule Bel-Air, wazee watakuambia kisa cha Casimir aliyewapiga chenga wakubwa kwa sindano, na yeye mwenyewe alikisimulia mpaka akakiamini, akiongeza chumvi kila mwaka. Josée akiwepo, aliinuka akaenda kuangalia jiko.

Wiki mbili baada ya ile sherehe, mvua ikiwa bado haijanyesha, wamama walirudi Mokambo. Lori lilipopakuliwa mbele ya nyumba, Casimir alitoka kusaidia. Aliangalia mdomo wa gunia moja, akaangalia mwingine, akatafuta sufu nyekundu. Uzi ulikuwa wa njano, na mshono ulikwenda kulia.

"Mama Bénie, yako ni gani?"

"Zile," Josée alisema, na akaanza kuzibeba mwenyewe.

Jioni ile Casimir alichukua sindano kama kawaida, akakaa mbele ya gunia lililobaki nusu. Aligeuza huku na huku fundo jipya la gunia jingine ambalo halijafunguliwa, akalivuta, hakupata pa kuanzia. Akaomba afundishwe. Josée akachukua sindano mkononi mwake na kushona mwenyewe, kwa kile kidole kilichokakamaa, polepole, akimpa mumewe mgongo ili asione. Alishona hivyo kila jioni miaka kumi na minne, na fundo lile hakumfundisha.